Kapita ni wa Nani

Ukimwuliza Mama Philomène, angekuambia kwamba yeye hana kijicho na mtu, na angekuambia hivyo akikutazama usoni bila kupepesa, maana mwenyewe aliamini. Lakini tangu mwanawe Lambert alipooa, roho yake haikutulia hata siku moja. Mkwe wake, Claudine, alikuwa msichana wa Yanonge, wa huko mto unakoteremkia, mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa sauti ya chini. Kasoro yake haikujulikana. Philomène aliitafuta kila asubuhi kama mtu anayetafuta sindano mkekani, na kila asubuhi aliikosa, na kule kuikosa kukamwongezea hasira.

Tusimwonee mama wa watu. Alikuwa na vitu vyake viwili alivyovishikilia, na alikuwa na haki ya kuvishikilia. Cha kwanza kilikuwa kisu. Pale kwenye maporomoko ya Kisangani, Wagenia, wavuvi wenyeji wa pale, walisimika magogo marefu katika matundu ya miamba, katikati ya maji yanayonguruma, wakaning'iniza humo vikapu vikubwa vya kunasia samaki. Kila safu ya magogo ilikuwa na nyumba iliyoisimika kwanza, na samaki wa safu hiyo waligawiwa na mwanamke wa nyumba hiyo. Safu ya akina Lambert ilisimikwa na ukoo wa marehemu Zéphirin, mume wa Philomène, kwa hiyo kisu cha kugawa kilikuwa mkononi mwake. Mitumbwi ikirudi, wanawake walipanga mabeseni yao juu ya mwamba, naye akapasua, akakata, akaweka fungu hapa na fungu pale: la waliovuta vikapu, la wajane, la wagonjwa. Lake alilichukua mwisho, lile lililobaki, hata kama ni mkia mtupu. Kwa miaka yote aliyoshika kisu hakuna mwanamke aliyeondoka pale akinung'unika, na Philomène alilijua hilo, na mwendo wake ulionyesha kwamba analijua.

Kitu cha pili kilikuwa paka. Alikuwa dume la kijivu, sikio moja limeraruka, na jina lake Kapita, kwa sababu kila asubuhi alizunguka vichanja vya kukaushia samaki, mkia juu, akikagua kimoja baada ya kingine kama msimamizi wa wafanyakazi wa barabara. Kabla yake panya wa pale ufukweni hawakuwa na adabu. Baada yake walihamia kwa majirani.

Ukimsikia Philomène akisema na watu, ungedhani ulimi wake umenolewa pamoja na kile kisu. Kwa Kapita alikuwa na sauti nyingine kabisa. Alimchambulia miiba kwa kucha zake, akamwekea nyama ya samaki kwenye kigae, na kumwita majina ya kitoto ambayo hata Lambert hakuwahi kuitwa. Mlango ukiwa umefungwa, bila shaka. Hakuna aliyewahi kumsikia, na angesikiwa angetamani ardhi immeze.

Basi mambo yalianza kuharibika mwaka ule wa 1956, wakati wa kiangazi. Wazungu wa mjini waliomaliza muda wao walipanda meli ya kwenda Léopoldville na masanduku yao, na mbwa pia mara nyingine, lakini paka waliwaacha. Paka hao walikaa siku kadhaa kwenye baraza za nyumba zilizofungwa, wakilia, kisha njaa ikawashusha mpaka mtoni wakifuata harufu ya samaki. Mmoja wao, jike jeupe lenye manyoya marefu, alifika bado ana utepe mwekundu shingoni. Alikuwa amekonda hata utepe ukamning'inia kama mkufu.

Claudine ndiye aliyeufungua ule utepe. Halafu akachukua sahani ya bati, akatia matumbo ya samaki na kichwa kimoja alichokiponda, akachanganya na kipande cha kwanga, mkate wa muhogo, kilicholala, akaiweka nyuma ya jiko lake. Kesho yake walikuja paka wawili. Wiki ilipokwisha wakawa kundi.

"Mutoto, unafanya nini?" Philomène alimwuliza siku ya kwanza alipoiona ile sahani. "Ukilisha moja, unalisha yote ya mji."

"Hii mapaka ilizoea sahani, Mama," Claudine akajibu, bado amechuchumaa. "Mwenye sahani alipanda meli. Sasa ifanye je?"

"Ikamate panya. Panya iko mingi huku."

"Paka yenye njala haina nguvu ya kukimbiza panya. Inaona mbisi yetu inakauka kwa kichanja, bon, inakamata ile ya karibu. Ikishiba, inalala tu."

Philomène akatafuta la kusema. Kile chakula kilitoka kwenye fungu la Claudine mwenyewe, wala si la mtu mwingine, kwa hiyo hapo hapakuwa na mlango wa kuingilia. Na lile neno la paka aliyeshiba lilikuwa na maana, jambo lililomkera zaidi. Akasema tu, "Utaona mwenyewe," akaenda zake, akijua kwamba hana kitu cha kumwonyesha.

Hilo angeweza kulimeza. Lililomkwama kooni ni jingine. Siku moja mchana alirudi kutoka mwambani na kisu chake kimefungwa kitambaani, akapita nyuma ya jiko la Claudine kwa sababu njia ya huko ni fupi. Claudine alikuwa amekaa juu ya kigoda. Mbele yake paka wanne wameinamia sahani, na mmoja wa hao wanne ana mgongo wa kijivu. Kapita. Anakula vichwa vilivyopondwa pamoja na paka wa njiani, yeye anayechambuliwa miiba. Na Claudine amenyoosha mkono, anamkuna nyuma ya lile sikio lililoraruka, pale pale mahali ambapo Philomène alidhani anapajua peke yake duniani.

Wivu ulimpanda Philomène toka miguuni. Nasema wivu, sitafuti jina la adabu zaidi. Alisimama nyuma ya ukuta wa matope akitazama ule mkono mrefu unavyokwenda na kurudi, na Kapita anavyofumba macho, akaona kwamba msichana huyu hakuja kuolewa tu, amekuja kuchukua. Kwanza mwana. Sasa paka. Kilichobaki kilikuwa kimefungwa kitambaani, naye akakikumbatia kifuani kama mtu aliyesikia hodi ya mwizi.

Alasiri ile alimwekea Kapita chakula chake kama kawaida, nyama nyeupe ya mgongoni, bila mwiba hata mmoja. Kapita akaja, akanusa, akajinyoosha, akaenda kulala. Alikuwa ameshiba. Kushiba kwa paka yule kulimchoma Philomène kuliko njaa yoyote aliyowahi kuiona. Akakiokota kigae, akamwaga ile nyama nje, akasema, "Vizuri. Akale huko huko."

Tangu siku hiyo hakumpa tena kitu. Kapita alikuja mlangoni asubuhi, akamzunguka miguuni, akalia kidogo. Philomène alijifanya hamnazo. Alitaka paka ajue kosa lake, arudi akiomba, amwache yule mwingine. Paka akaelewa jambo moja tu, kwamba hapa hakuna chakula tena, akawa anakwenda kwa Claudine mapema zaidi. Kwa hiyo kila siku Philomène alimfukuza mwenyewe, na kila siku akamlaumu Claudine kwamba amemchukua.

Jumapili alikwenda misani, akapiga magoti, akamwomba Mungu alete amani katika nyumba ya mwanawe. Walipotoka mvua ikawanyeshea, na Lambert, mwenye mabega ya kuvuta kikapu cha maji mazito, alifungua mwavuli akamfunika Claudine. Kweli alimwita na mama yake aje chini yake. Philomène alisema hapana, yeye mvua haimwui, akatembea mbele yao akilowa makusudi.

Kisha akaja Mama Berthe, jirani mwenye kichanja kilichopakana na chao, mama mnene asiyependa magomvi lakini asiyeweza kukaa na jambo moyoni. Alimkuta Philomène akinoa kisu.

"Mama Philomène, wanawake wanasema," alianza. "Mapaka imekuwa mingi. Leo haijaiba. Lakini kesho? Ongea na Claudine, bibi ya Lambert, aache."

Hapa, kama Philomène angekuwa mtu wa haki nje ya kugawa samaki kama alivyokuwa katika kugawa, angejibu kwamba paka wale hawajagusa kichanja cha mtu tangu Claudine aanze kuwalisha. Alijua hivyo. Hata yeye alikuwa amepata usingizi mzuri zaidi, bila kuamka kufukuza paka. Badala yake akaguna, akatazama makali ya kisu.

"Miye nimesema mpaka mate ikakauka," alisema. "Hasikie mutu. Watu ya Yanonge, donc, wako na desturi yao."

Berthe akaondoka amebeba neno hilo, na njiani likaongezwa chumvi na wengine.

Sasa sikiliza alichofanya. Claudine alikuwa na mazoea ya kuweka sahani mapema alasiri, kisha kuteremka sokoni na samaki wa kukaushwa. Akishapinda njia, Philomène alitoka kwake, akaichukua sahani, akateremka nayo hatua chache mpaka ukingoni, akaimwaga mtoni. Maji ya pale hayasubiri. Chakula kilikwenda mara moja. Akairudisha sahani mahali pake, tupu, kana kwamba imelambwa. Paka walikuwa wamekaa pembeni wakimtazama. Lile jike jeupe lilimfuata mpaka majini na kurudi naye, likilia kwa adabu, kama linalodhani kwamba mama huyu amekosea tu.

"Nenda kwa wenyewe," Philomène akaliambia.

Alifanya hivyo siku ile, na kesho yake, na siku zilizofuata. Alijiambia anafanya kwa ajili ya vichanja. Wakikosa chakula watahama. Ukweli ni kwamba alitaka waibe. Alitaka waibe kitu, hata kidogo, mbele ya macho ya watu, ili siku moja mtu mwingine aseme kwa sauti kwamba Claudine ana kosa. Kapita hakumfikiria. Au alimfikiria, akaona kwamba akihisi njaa ya kweli atajua mama yake ni nani.

Kapita alihisi njaa ya kweli. Alikosa kwa Philomène, akakosa kwa Claudine, na panya alikuwa amewamaliza mwenyewe zamani. Asubuhi moja Mama Berthe alitoka nje akamkuta juu ya kichanja chake, akitafuna ngolo, samaki mkubwa wa kukaushwa, mmoja wa wale aliowaweka kwa ajili ya kuondoa matanga ya kaka yake. Wawili wengine walikuwa chini, wamegeuka mifupa, na paka wageni wanamalizia. Wageni walikimbia. Kapita, ambaye maishani mwake hakuwahi kufukuzwa kwenye kichanja, hakuona sababu ya kukimbia. Berthe akamfunika na tenga.

Siku ile samaki walipokwisha kugawiwa, hakuna aliyeondoka. Papa Valère, mkubwa wa safu yao, mzee mfupi mwenye makovu ya kamba mikononi, alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, na Berthe akaleta tenga akaliweka katikati ya mwamba. Ndani yake Kapita alikuwa ananguruma.

"Mambo iko mwepesi," Valère alisema. "Mbisi ya matanga imekuliwa. Mwenye paka atalipa mbisi. Ile si kitu. Lakini munajua neno lingine."

Walijua. Lilikuwa neno la safu yao tangu babu zao: mwanamke ambaye mnyama wake amekula kwenye kichanja cha mwenzake hawezi kushika kisu cha kugawa. Atawezaje kuwapimia wenzake, na nyumbani anafuga anayewapunguzia? Kama kisu ni chake, kinatoka mkononi mwake kwenda kwa mwanamke mwingine wa nyumba ile ile. Kama si chake bado, hatakishika kamwe.

Philomène akalipima jambo hilo kwa jicho lile lile alilopimia samaki. Kapita akiwa wake, kisu kinakwenda kwa Claudine leo hii. Kapita akiwa wa Claudine, kisu kinabaki kwake mpaka aende kumfuata Zéphirin, na yule msichana wa Yanonge hatakigusa maisha yake yote. Hakuhitaji kusema uongo hata kidogo. Moyo ulimdunda kwa furaha ambayo hakuionea aibu.

"Paka iko ya nani?" Valère akauliza. "Siku zote tulijua ni ya Mama Philomène."

"Zamani," Philomène akasema. Alisimama wima, kisu kikiwa mkononi bado kina magamba. "Tangu kiangazi miye sijamupa hata mwiba. Ulizeni watu. Anakula kwa Claudine, kwa sahani ya Claudine, nyuma ya jiko ya Claudine. Miye sina paka."

Wanawake wakatazamana. Ilikuwa kweli, wote walikuwa wamemwona Kapita kwenye ile sahani. Lambert akafungua mdomo, akamtazama mama yake, akamtazama mkewe, akaufunga. Alikuwa mtu wa kushindana na maji, na hapa hapakuwa na maji.

Valère akamgeukia Claudine. "Na weye?"

"Anakula kwangu," Claudine alisema. "Ni kweli."

"Kula kwako si kuwa yako. Kuku yangu inakula kwa kila mutu." Watu wakacheka kidogo. "Alors, tufanye kama tunafanya kwa mbuzi na kwa mbwa. Mnyama ni ya yule anamwendea akiitwa. Simameni mbali. Mikono mitupu. Claudine ataanza."

Philomène akakiweka kisu juu ya jiwe na kusimama upande wa juu wa mwamba. Claudine akasimama upande wa maji. Berthe akainua tenga. Kapita akatoka polepole, akaketi, akalamba bega lake kama mtu aliyetolewa kwenye kiti cha kinyozi, asiyemjali mtu.

Claudine akachuchumaa. Philomène alitegemea kwamba ataita kwa sauti ya kinyonge, ya mtu anayeogopa kupata anachokiita. Lakini msichana aliita vizuri. Aliita kwa moyo wake wote, mikono wazi, "Kapi, Kapi, njoo mupenzi, njoo," kwa ile sauti yake ya chini ambayo hata maporomoko hayakuifunika.

Kapita akainua kichwa. Akasimama. Akaanza kwenda kwake.

Hapo Philomène alitakiwa kufanya jambo moja tu, kunyamaza. Wivu wake wote wa miezi ile ulikuwa unalipwa pale pale, juu ya mwamba, mbele ya watu wote. Paka anakwenda, kosa linakwenda naye, na kisu kinabaki juu ya jiwe kikimsubiri. Akaona mgongo wa kijivu ukimwacha. Akaona mkia unapanda, ukisimama wima na kupinda kidogo kwenye ncha, kama alivyouinua kila asubuhi kwa miaka yote akija mlangoni pake, kwake yeye, si kwa mtu mwingine. Mkia ule sasa ulikuwa umeinuliwa kwa ajili ya Claudine, na watu wote wakiona. Wataona, watakwenda nyumbani, na watasema: hata paka amemkimbia.

Akapiga hatua moja mbele.

"Kapi wa mama."

Sauti ilitoka kabla hajaiita. Si ile ya mwambani. Ilikuwa ile ya mlango uliofungwa.

"Kapi wa mama, kidole cha mama, kasukari kangu, unaenda wapi? Njoo kwa mama. Njoo, kamwana kangu, kamwana ka mvi."

Wanawake wa safu ile, waliomjua tangu wakiwa wasichana, walitoa macho. Kapita alisimama mguu mmoja juu. Akageuza lile sikio lililoraruka, kisha kichwa, kisha mwili wote, akaja mbio, akapita katikati ya mabeseni, akaruka mpaka kifuani mwa Philomène na kukita kucha zake kwenye kitenge chake cha bluu. Philomène akamkumbatia, akaficha uso wake kwenye manyoya yanayonuka moshi wa kichanja cha Berthe. Watu wakacheka, kicheko kizuri, kisicho na ubaya. Na yeye, tuseme tu, alikuwa na furaha. Juu ya kichwa cha paka alimtazama Claudine kama mtu aliyeshinda vita, na macho yake yalisema, umeona sasa.

Claudine alikuwa bado amechuchumaa, mikono wazi, na uso umemshuka. Philomène aliufurahia ule uso kitambo, mpaka kicheko cha watu kilipoisha na kimya kikaingia, na katika kile kimya akasikia alichokifanya.

"Mama Philomène," Valère alisema taratibu. Hakupenda kuuliza. "Paka iko ya nani?"

Angeweza kumtupa chini. Alifikiria kumtupa. Kapita alikuwa ameanza kunguruma ile nguruma yake nzito, kichwa chini ya kidevu chake.

"Yangu," Philomène akasema.

Valère akaonyesha kwa kidevu lile jiwe lenye kisu. Desturi ilitaka anayeondoka ampe mkononi anayeingia. Philomène akamshika paka kwa mkono mmoja, akakiokota kisu kwa mwingine, akavuka mwamba. Alikifuta kwanza kwenye nguo yake, pande zote mbili, maana hangeweza kumpa mtu kisu chenye magamba, hata huyu. Claudine akakipokea kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa kama mkwe anavyopaswa, na hata hapo hapakuwa na kasoro.

Watu wakatawanyika na mabeseni yao. Lambert akaenda na Berthe kuahidi samaki wa matanga. Wakabaki wanawake wawili na paka.

"Mama," Claudine alisema, hajainua macho. "Ulipashwa kunyamaza tu. Alikuwa anakuja."

"Niliona anakuja." Halafu jambo likamgonga Philomène, lile lililomsumbua tangu mwanzo wa kuita. "Na weye, kwa nini ulimwita vile? Ulijua akikuja kwako unaharibika. Mutu anaita kosa yake na mikono wazi?"

Claudine akakigeuza kisu mkononi, bado hajui namna ya kukishika.

"Miye niko mutoto, nina miaka mingi ya kuishi bila kisu," alisema. "Weye ungefanya nini bila kisu, Mama? Nilisema kwa roho yangu, anitambue miye tu, na kisu kibaki yako. Nilimwita vile ninaweza. Lakini ulimwita kunipita."

Uso ukamwaka Philomène. Kwa hiyo hata hapo, hata katika kuita paka, msichana huyu alikuwa anampa kitu, naye alikuwa akimpokonya. Alimbana Kapita kwa nguvu hata paka akalalamika.

"Jioni nitaweka sahani tena," Claudine akaendelea kwa sauti ile ile ya upole. "Ya wale wengine. Ikishiba haitaiba tena kwa Mama Berthe. Usiimwange, Mama, tafazali."

Maporomoko yalinguruma. Philomène akangoja mengine yafuate, lawama, kilio, jina baya, chochote.

"Ulijua," akasema mwishowe.

"Siku ya kwanza. Sahani ya paka haibaki na maji ya mto."

"Na Lambert?"

"Nimwambie nini Lambert? Weye ni mama yake."

Claudine akakifunga kisu kitambaani, akasubiri kidogo kama wangepanda pamoja, kisha akatangulia kwa sababu mama hakujongea. Philomène akabaki amesimama na paka wake mikononi. Lawama angeiweza. Kama msichana angemtukana pale mbele ya safu nzima, angekuwa na majibu ya kumtosha mpaka jua lizame. Lakini alikuwa amesamehewa kila kitu, na hakuwa na mahali pa kuuweka msamaha huo.